Pikapu ya Pwani Inunuliwe kwa Chasisi, Jina Lifuate

Tangu Toyota ilipoizindua Hilux ya kizazi cha tisa nchini Thailand mnamo Novemba 2025, ikiwa na toleo la betri tupu kando ya lile la dizeli ya lita 2.8, ubishi wa pikapu umepamba moto upya hapa Tanga, kwenye gereji za Mabawa na Makorora na kwa madalali wa Ngamiani. Wengi wameisoma habari hiyo kwa namna moja: Hilux ya kweli imekwisha, gari jipya limejaa kompyuta na nyaya, kwa hiyo zile za zamani zilizobaki zitakuwa dhahabu na mwenye fedha azikimbilie kabla hazijapanda bei. Hitimisho hilo lina mvuto wake, na linatamkwa na watu wanaoyajua magari, lakini naamini limekosewa. Watakaoligharamia kosa hilo si matajiri. Ni mvuvi, mchuuzi wa machungwa na fundi ujenzi, watu ambao pikapu moja ndiyo mtaji wao wote.

Ninachotaka kukionyesha ni kwamba sisi wa pwani tunalinganisha pikapu kwa kigezo kilichokuwa sahihi zamani na mahali pengine. Tunalinganisha majina: Hilux na D-Max ya Isuzu, Ranger ya Ford na Navara ya Nissan, Mjapani na Mchina. Sifa ya jina ilijengwa juu ya injini, na kweli katika nchi kavu za bara injini ndiyo iliyokuwa ikitofautisha gari na gari. Tanga, kinachoimaliza pikapu mara nyingi ni kutu ya chasisi, ikifuatiwa na mzigo uliozidi na dizeli chafu, na katika mambo hayo matatu jina la mtengenezaji lina uzito mdogo kuliko umri wa gari, lilikotoka na lilichokuwa likibeba. Hilux iliyochakaa huuzwa kwa fedha ambazo zingempatia mtu D-Max au Ranger iliyo changa zaidi kwa miaka kadhaa. Anayechagua jina na kuiacha chasisi analipia uimara ambao wenye gari waliomtangulia wameshautumia.

Sifa ya Hilux haikuzuka hewani. Gari hili lilianza kutengenezwa mwaka 1968, na kwa miaka mingi dizeli zake zilikuwa za aina ambayo fundi aliyejifunzia kazi chini ya mwembe aliweza kuifungua na kuifunga: injini zilizoitwa 2L, kisha 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0, zisizo na turbo, zenye pampu isiyotegemea umeme na nozeli zinazofunguka kwa mgandamizo wa baa mia na ushee. Injini ya namna hiyo ina uvumilivu. Dizeli ikiingia maji kidogo gari linakohoa lakini linakwenda. Nozeli zikichoka zinapelekwa kwa fundi pampu, zinarekebishwa, kazi inaendelea. Nguvu zake ni ndogo, na aliyewahi kuipandisha 3L yenye mzigo kutoka Mombo kwenda Lushoto anajua kwamba kona nyingi atazimaliza kwa gia ya pili, lakini atazimaliza. Walioijengea Hilux imani waliijenga kwa magari hayo, na hawakukosea.

Tatizo ni kwamba imani hiyo imehamishwa nzima nzima hadi kwenye magari yenye mitambo tofauti. Hilux iliyotoka mwaka 2004, tunayoiita Vigo, na ile ya mwaka 2015 inayoitwa Revo, zilizo nyingi za dizeli husukuma mafuta kwa mfumo unaoongozwa na kompyuta, kwa mgandamizo wa zaidi ya baa 1,000, kama zilivyo nyingi za Ranger, D-Max na Navara za kipindi hicho. Mfumo huo hutoa nguvu nyingi kwa mafuta machache, lakini hauvumilii uchafu. Injini ya 1KD ya lita 3.0, iliyopendwa sana ndani ya Vigo, ina udhaifu unaojulikana na mafundi wa nchi nyingi: washa za shaba, yaani vipete vya kuzibia vilivyo chini ya injekta zinazopulizia mafuta, zikivuja, gesi ya mwako hupenya kwenye oili, masizi yakaziba chujio la pampu ya oili chini kabisa ya sampu, yaani bakuli la oili, na injini ikanoki huku mwenyewe akidhani amefanya sevisi kwa wakati. Kuhusu dizeli za Toyota zilizofuata, Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua mwaka 2022 kwamba Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 zilikuwa na kasoro katika mfumo wa kuchuja masizi ya moshi. Simaanishi kwamba Hilux iko chini ya wenzake, kwani wenzake wana ya kwao na nitayafikia. Nasema tu kwamba tofauti ya injini kati ya pikapu hizi imepungua mno tangu enzi za 3L, wakati tofauti ya bei imebaki palepale. Na anayesema dizeli imekufa na kizazi cha tisa hajaisoma habari hadi mwisho, maana injini ile ya lita 2.8 bado imo.

Suala la mafuta nalo halichagui jina. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambuzi, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kupambana na uchakachuaji, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Hatua hizo zilisaidia sana. Hata hivyo, pikapu inayofanya kazi vijijini Mkinga, Handeni au Kilindi haijazi kituoni kila siku. Mara nyingine hujaziwa kwenye dumu lililokuwa na kitu kingine juzi, na injekta za kisasa, za Toyota au za Ford, huumia sawasawa. Chujio la dizeli linalobadilishwa kabla ya muda wake na mtungi wa kutenga maji unaomwagwa mara kwa mara vina faida kubwa kwa Ranger inayotunzwa kuliko jina la Hilux isiyotunzwa.

Jambo la pili ambalo soko letu halilisemi wazi ni asili ya magari yenyewe. Mnunuzi huambiwa "hii imetoka Japani", na neno hilo humtuliza. Toyota iliacha kuiuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017, na iliporudi ilikuwa ikiundwa Thailand. Maana yake ni kwamba Vigo zote, na Revo za mwanzo, hazikuwahi kuuzwa mpya katika maduka ya Japani. Zilizofika kwetu zikiwa zimetumika zilipitia kwingine, zikiwemo nchi nyingine zinazoendesha upande wetu wa barabara: Thailand, Afrika Kusini, Uingereza. Herufi za mwanzo za namba ya chasisi hueleza kiwanda, kwa mfano MR0 ni Toyota ya Thailand, AHT ni Toyota ya Afrika Kusini na VSK ni Nissan ya Hispania, lakini hazielezi gari lilitumika wapi. Hilo hupatikana kwenye nyaraka za usafirishaji, ambazo dalali mwema atakuonyesha bila kuombwa mara mbili. Ulizo hili lina uzito mkubwa kwa sababu Uingereza humwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi ili kuyeyusha barafu. Pikapu iliyopita misimu kumi ya chumvi hiyo, kisha ikaletwa kuishi kwenye mitaa ya ufukweni ya Raskazone au Sahare, imetolewa kwenye chumvi moja na kuingizwa kwenye nyingine.

Chumvi ya Tanga inafanya kazi kwa njia ambazo mtu wa Dodoma hana sababu ya kuzifikiria. Upepo wa kusi na wa kaskazi huleta unyevu wa bahari hadi mitaani, joto huharakisha kutu, na masika hulowesha vumbi lililojaa kwenye pembe za chasisi likabaki tope lisilokauka kwa wiki kadhaa. Juu ya hayo ipo mizigo. Pale soko la samaki la Deep Sea, alfajiri, utaona pikapu zikipakia samaki walioshindiliwa barafu, na maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi yakitiririka kwenye mianya ya kitanda, yanapita kwenye vishikio vya springi na kudondoka juu ya mrija wa breki. Hakuna mtengenezaji aliyeiwekea chasisi yake rangi ya kuhimili hali hiyo kila siku kwa miaka 15. Pikapu ya aina hiyohiyo iliyokuwa ikibeba machungwa ya Muheza itakuwa na mwili mzee na mifupa mizima, wakati ile ya samaki inaweza kung'aa juu na kuwa imekufa chini.

Niliwahi kulala chini ya Vigo iliyokuwa ikiuzwa, nikiwa na fundi wa Mabawa ambaye kazi yake kubwa ni kuchomelea chasisi. Juu gari lilikuwa safi, viti vimeshonwa upya, dashibodi imepakwa mafuta. Chini, chasisi yote ilikuwa nyeusi kwa rangi mpya, na hilo peke yake lilimfanya fundi akunje uso. Alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga polepole kutoka nyuma ya tairi la mbele kurudi nyuma. Chuma kizima kililia kwa sauti kali. Alipofika juu ya tairi la nyuma, karibu na kishikio cha springi, sauti ilibadilika ikawa nzito na fupi, na rangi nyeusi ikaachia bamba la kutu lenye upana wa kiganja. Kisha akaingiza bisibisi kwenye tundu la kutolea maji; lilikuwa limejaa udongo mgumu. Akanieleza kwamba chasisi ya pikapu ni boksi lililofungwa, maji na tope huingia na kukaa ndani, na kutu huanza upande usioonekana. Ikitokeza nje, chuma kimeshaliwa. Bei ya gari lile ilikuwa ya Hilux, na dalali hakuona sababu ya kuishusha.

Nani amethibitisha kwamba jina kubwa haliikingi chasisi? Toyota yenyewe. Mwaka 2016, nchini Marekani, kampuni hiyo ilikubali kumaliza kesi kuhusu chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizooza kwa kutu, makubaliano yaliyohusu magari yapatayo milioni 1.5 na yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, sehemu kubwa ikiwa ni ya ukaguzi na kubadilisha chasisi nzima. Tacoma si Hilux, na sitaki kuzichanganya, lakini ni pikapu ya mtengenezaji yuleyule yenye sifa ileile ya kutokufa. Nissan nayo ilipata aibu yake nchini Uingereza, ambako Navara za muundo wa D40 zilikatika chasisi kwa kutu hadi kampuni ikalazimika kuyanunua tena baadhi ya magari hayo. Kuna wanaojibu kwa kukumbushia kipindi cha televisheni cha Uingereza cha mwaka 2003, ambapo Hilux kuukuu iliachwa izamishwe na bahari, ikatolewa, ikakaushwa na kuwaka. Ni jaribio la kusisimua, lakini halithibitishi kinachodaiwa. Maji ya bahari ya saa chache huijaribu injini na umeme. Kutu huhitaji miaka, na jaribio la miaka ndilo linalofanyika kila siku barabarani kwetu, bila kamera.

Sasa nizipime hoja za upande wa Hilux, maana zipo na baadhi yake ni nzito. Ya kwanza ni spea na mafundi. Gari likikufia Kwamsisi au Mgambo jioni, uwezekano wa kupata pampu ya maji, beringi au klachi ya Hilux ni mkubwa kuliko wa gari jingine lolote, na fundi utakayemkuta ameshafungua nyingi. Hoja hii naikubali, na kwa mtu anayefanya kazi mbali na lami, mwenye mzigo unaooza, inatosha kumfanya alipe zaidi. Samaki wa tani moja wakilala njiani usiku mmoja, hasara inaweza kuzidi bei ya giaboksi iliyotumika. Lakini hoja ina upande wake wa pili usiosemwa: spea inayopendwa ndiyo inayoghushiwa zaidi. Maduka yamejaa chujio, ekseli na injekta zenye nembo ya Toyota ambazo hazikupita kiwanda chochote cha Toyota, na mwenye Hilux anayejivunia kwamba kifaa kinapatikana kila mahali mara nyingi hajui amefungiwa kipi. Mwenye D-Max anayeagiza kifaa Dar es Salaam na kusubiri siku mbili huenda akapata kilicho cha kweli.

Hoja ya pili ni thamani ya kuuzia. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Hilux kweli hujiuza. Wengi huishia hapo, na ndipo hesabu inapopotea. Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiokuwa bei za soko: mtu ananunua Hilux kwa shilingi milioni 60 na baada ya miaka mitano anaiuza milioni 45, wakati jirani yake ananunua pikapu ya jina jingine, yenye umri sawa, kwa milioni 40 na kuiuza 22. Wa kwanza amepoteza milioni 15, wa pili 18, na kijiwe kitasema Hilux imeshinda. Lakini yule wa kwanza alitoa milioni 20 zaidi mwanzoni. Ikiwa alizikopa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ambayo haiko mbali na riba za mabenki yetu, na mkopo wenyewe akaulipa mwishoni, riba peke yake ni milioni 3 kila mwaka, milioni 15 kwa miaka mitano. Gharama yake halisi imefika milioni 30 dhidi ya 18 za jirani. Jirani anaweza kutumia shilingi laki mbili zaidi kila mwezi kwa matengenezo, kwa miaka yote mitano, na bado wakawa sawa. Asiyekopa naye hajaikwepa hesabu hii, kwa sababu milioni 20 zilizolala kwenye jina la gari zingeweza kuwa mashine ya boti na nyavu, au shamba la machungwa. Thamani ya kuuzia ina maana kwa anayenunua gari likiwa jipya au changa na kuliuza likiwa bado zima. Kwa anayenunua lenye miaka 18, faida ya jina imeshachukuliwa na waliomtangulia, na mnunuzi wa mwisho ndiye atakayebaki nalo chasisi ikikatika.

Miongoni mwa mbadala, naona D-Max haijapewa haki yake hapa. Injini yake ya 4JJ1 ya lita 3.0 imefungwa pia kwenye malori madogo ya Isuzu yanayobeba mizigo ya masoko yetu kila siku, kwa hiyo fundi wa malori anaifahamu hata kama fundi wa magari madogo anaikwepa. Inatumia cheni ya taiming, si mkanda unaohitaji kubadilishwa kwa ratiba. Thailand, nyumbani kwa pikapu za aina hii, D-Max imekuwa ikigombea nafasi ya juu na Hilux kwa miaka mingi, na wanunuzi wa huko si watu wa kudanganyika kirahisi. Tanga ina faida moja ambayo Morogoro haina: Isuzu East Africa huunganisha D-Max Nairobi, na Mombasa iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Spea iliyopita mpakani Horohoro kihalali na kulipiwa ushuru ina gharama yake, lakini ipo. Kinachoishusha bei D-Max sokoni ni mazoea zaidi ya kasoro, na mazoea ya wauzaji ni nafuu ya mnunuzi.

Ranger ni habari tofauti. Mwaka 2023 iliipiku Hilux kwa mauzo nchini Australia, baada ya Hilux kuongoza huko tangu 2016, na kwa starehe na nguvu inastahili. Lakini Mwaustralia hununua gari jipya lenye dhamana na karakana ya kampuni, na ushindi wake haupaswi kuletwa Chumbageni kama ushahidi. Ranger ya lita 2.2 au 3.2 inataka fundi anayesoma maelekezo. Baadhi ya injini hizo, oili ikimwagwa na sampu ikaachwa wazi muda mrefu huku fundi amekwenda kunywa chai, pampu ya oili huishiwa oili ndani yake na gari likiwashwa husaga vyuma vikavu. Mwenye fundi makini atafaidi bei yake nafuu. Asiye naye aiache. Navara nzee za D40 sizipendekezi kwa pwani, kwa sababu nilizokwisha kuzitaja. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 ndiyo iliyobaki na ule uvumilivu wa zamani, ila bei yake imeiweka mikononi mwa mashirika na wakandarasi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema "Mchina hadumu", kisha mjadala ukafungwa. Ilisemwa hivyo kuhusu malori ya Howo na kuhusu mabasi ya Yutong, na leo abiria wa Tanga kwenda Dar es Salaam hupanda Yutong bila kuuliza, wakati Howo zinavuta kokoto na saruji kila kona ya mkoa. Pikapu za Great Wall, JAC na Foton hazijakaa kwetu muda wa kutosha kupata sifa ya Hilux, na bei yake huporomoka haraka, hilo ni kweli na mnunuzi wa gari jipya alizingatie. Lakini Foton Tunland iliuzwa ikiwa na dizeli ya Cummins ya lita 2.8, injini isiyo ya kubahatisha. Na swali la haki si kama pikapu ya Kichina itafika miaka 25. Ni kama ile yenye miaka mitatu, chasisi nzima na dhamana iliyobaki, ni hatari kuliko Vigo yenye miaka 19 iliyopakwa rangi nyeusi wiki iliyopita. Mtu akilijibu swali hilo akiwa amelala chini ya magari yote mawili, sidhani atalijibu kwa jina.

Zaidi ya jina, tumezoea kupima umri kwa namba ya usajili. "Namba E" husikika kama gari jipya, na "namba D" kama la juzi. Namba hueleza lini gari lilisajiliwa Tanzania, haielezi lini lilitoka kiwandani, na pikapu ya mwaka 2007 inaweza kuwa na namba mpya kabisa. Serikali imekuwa ikitoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa, jambo linalofanya gari kuukuu lifike sokoni likiwa na bei iliyobeba kodi ambayo haikuongeza hata nati moja. Mwenye kununua asome mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, kisha auhakikishe kwa namba ya chasisi.

Kuna kazi ya utunzaji pia, ambayo wengi wetu tunaifanya nusu. Kuosha gari juu na kuacha chini ni kuipendezesha maiti. Maji baridi yasiyo na chumvi yapigwe chini ya gari kila baada ya safari ya ufukweni, matundu ya kutolea maji yazibuliwe kabla ya masika, na kitanda cha pikapu ya samaki kifungwe beseni la plastiki lenye mfereji unaotoa maji nje ya chasisi. Desturi ya kupaka oili chafu ni bora kuliko kutopaka kitu, lakini oili hiyo huvimbisha mipira ya springi na haifiki ndani ya boksi, ambako ndiko kutu inakoanzia. Nta ya kupuliziwa ndani kwa mrija mrefu hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Na karibu pikapu hizi zote zimeundwa kubeba takribani tani moja. Anayeongeza springi ili abebe mbili na nusu amehamisha mzigo kutoka kwenye springi hadi kwenye chasisi ileile inayoliwa.

Mabadiliko makubwa zaidi yanaweza kutoka kwa wanaotoa fedha. Benki au SACCOS inayopokea kadi ya pikapu kama dhamana kwa kawaida huangalia jina, mwaka na muonekano, na hivyo Hilux iliyooza hupata mkopo mkubwa kuliko D-Max nzima, na mkopaji anasukumwa kununua jina kwa sababu jina ndilo linalokopeka. Shirika la Viwango, TBS, hukagua magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini, na matokeo ya upande wa chasisi yangefaa yamfikie mnunuzi wa mwisho yakiwa na picha. Kwa magari yaliyo tayari mitaani, wakopeshaji wa mkoa huu wangeweza kudai jambo jepesi: gari lipandishwe juu, ligongwe kwa nyundo mbele ya mthamini, na picha nne ziambatishwe kwenye fomu, mbili za vishikio vya springi za nyuma, moja ya sehemu ya chasisi iliyo nyuma ya kebini na moja ya namba ya chasisi yenyewe. Kazi hiyo haimalizi saa moja, na fundi yeyote wa Mabawa ana vifaa vyake. Pikapu ikishindwa kupita hapo, mkopo uende kwenye pikapu nyingine, hata kama jina lake halipendwi kijiweni.